Karatasi ya makao isifunge mlango wa walemavu

Wandugu vijana wa Kibombo na Kindu,

Kwetu mtu akipata ulemavu, mzigo wote unabaki kwa familia. Pensheni ya ulemavu ya CNSS iko, lakini ni ya mtu aliyefanya kazi na kulipiwa michango. Mama anayelima mihogo, fundi wa barabarani, mtoto asiyeona: hao hawamo.

Na bado Katiba, kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 nchi iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nambari 22/003. Sheria ziko, mfuko uko mtupu.

Tunadai posho. Tunadai pia masharti ya haki tangu mwanzo, juu tunajua namna mambo yanakwendaka. Watasema: leta karatasi ya makao. Aliyekimbia vita ya M23 aliacha makaratasi nyumbani. Na anayetembea kwa mikono atafikaje Kindu kuyatafuta, wakati treni haipiti kila siku?

Afrika Kusini, mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ilisema katika kesi ya Khosa kwamba hata wageni wenye ukaaji wa kudumu wasinyimwe misaada ya serikali. Na mtu akikataliwa posho ya ulemavu kule, iko tume huru ya kusikiliza rufaa. Kama mgeni analindwa hivyo, mwananchi aliyehama tu kutoka Kibombo kwenda Kindu afukuzwe juu ya nini?

Madai yetu ni matatu:

1. Ushahidi wa majirani ao wa shefu utoshe kuonyesha makao, na iwe bure.
2. Anayekataliwa apewe jibu la maandishi, na sababu yake.
3. Rufaa isikilizwe Kibombo kwenyewe, na watu wengine, si wale waliokataa. Mmoja wao awe mwenye ulemavu.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema mwenye mamlaka akipewa ombi la wananchi ajibu ndani ya miezi mitatu. Basi tuandike ombi letu kwa gavana. Asiyeweza kutia sahihi atie kidole, na asiyeweza kuja tumfuate kwake. Siku ombi litakapopokelewa, tutaanza kuhesabu.