Karte ya banki ni nzuri, lakini safari ya kuifuata nani analipa?

Kila mwisho wa mwezi tunawaona. Saa kumi na moja ya asubuhi wako tayari mbele ya mulango wa banki: wababa wenye kofia za zamani, walimu wenye mifuko ya nailoni, wamama wauguzi waliotoka kazi ya usiku. Wengine wametandika kitenge chini. Wanangoja mashine itoe feza. Sisi watu wa mugodi tunapita ndani ya basi ya kampuni tukienda posti ya asubuhi, na mara mingi tunajua mutu katika ule mustari. Ni baba, ni shemeji, ni mwalimu aliyetufundisha kusoma. Baada ya mwaka 2003, wakati watumikaji zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazi, nyumba nyingi za kwetu zilisimama juu ya mushahara wa mama mwalimu ao muuguzi. Kwa hiyo musituambie kama mushahara wa Leta ni habari ya watu wa biro.

Tusisahau vile ilikuwa. Mbele ya 2011 mishahara ilitembea ndani ya mifuko. Noti kubwa wakati ule ilikuwa ya franga 500, kwani zile za 1.000 mpaka 20.000 zilitoka mwaka 2012, na mishahara ya shule chache tu ilijaza gunia. Kontabli alihesabu, mukubwa wake alihesabu, na kila mukono uliopitisha ulibaki na kitu. Katika liste mulikuwa majina ya watu waliokwisha kuzikwa na ya wengine wasiozaliwa. «Opération retour», kila mutu alijua maana yake: feza inafika mukoani, halafu sehemu yake inarudia kwa wale walioituma. Mwalimu alitia sinyatiri kwa mushahara muzima, akapewa kipande, na akasema asante.

Serikali ilipoanza mwaka 2011 kulipa watu wake kwa njia ya banki, wakati Matata Ponyo alikuwa waziri wa feza, wengi walicheka. Tunasema bila kuficha: ilikuwa kazi nzuri. Mutu yuko na jina lake, na hesabu yake, na karte yake mukononi. Anayetaka turudie magunia, tumuulize kwanza alikuwa anakaa upande gani wa meza.

Lakini wale waliopanga kazi hii waliipanga kama mutu anayekaa katikati ya Kinshasa ao ya Lubumbashi, ambako ukitoka nyumbani unakuta banki tatu kwa barabara moja. Huko ndani ya inchi, fasi nyingi hazina banki hata moja, na ndiyo maana kwa miaka mingi Caritas ya Kanisa Katoliki ilipewa kazi ya kupelekea walimu wa vijijini mishahara yao. Na sisi wa miji ya migodi tuko katikati: banki iko, lakini iko kwa mwengine.

Muone baba mumoja, jirani wa familia yetu huko Kambove. Alifundisha miaka 34, sasa yuko kwa pansio. Mwezi uliopita alipanda taksi mpaka Likasi. Mashine ya kwanza, umeme umekatika. (Likasi, jamani, mji ulio karibu na Mwadingusha, ambako umeme unatengenezwa tangu 1930!) Mashine ya pili, mulinzi alimuambia: «Baba, franga zimeisha, urudie kesho.» Akalala kwa mutoto wa dada yake. Kesho yake mustari ulikuwa murefu, jua kali, na macho yake iko na mutoto wa jicho. Akakosea namba ya siri mara tatu, mashine ikameza karte. Alirudi Kambove siku ya ine, na kipande kizuri cha pansio yake kilikuwa kimebaki kwa taksi na kwa mikate ya njiani. Wakati wa magunia kontabli alikata feza yake. Leo barabara ndiyo inakata. Kwake, chungu kinaona tofauti gani?

Sisi wa mugodi, wengi wetu tunalipwa kwa karte vilevile, lakini kampuni inatupeleka mpaka mjini na inaturudisha. (Wale wa masutretanti, tuwaache leo, ile ni habari ingine.) Kama kampuni inajua kuhesabu safari ya mutumikaji wake, juu ya nini Leta haijui?

Kuna neno lingine, la ndani ya nyumba, ambalo wanaume hatupendi kulisema. Wazee wetu wa Union Minière walikuwa na posho. Mama alienda yeye mwenyewe na karatasi yake, akapokea unga, samaki, maharagi, mbele ya bwana kufika kwa pombe. Hatusemi ile kampuni ilikuwa na huruma. Ilitaka watu wenye nguvu ya kushuka shimoni. Lakini mama alijua siku na alijua kipimo. Karte inajua mutu mumoja tu. Bibi wa mufanyakazi wa Leta hajui kama mushahara umeingia, wala ni ngapi, mpaka bwana apende kusema. Na bwana akigonjwa, ao akifa, karte inabaki kwa meza, namba ya siri imeenda naye.

Ao karte haiko hata nyumbani. Kila mutu anajua ile tunaita Banque Lambert, maneno ya barabarani tu: mutu anakupa franga 100.000, unarudisha 150.000 mwisho wa mwezi, na karte yako pamoja na namba ya siri inakaa kwake. Siku ya mushahara anaenda kwa mashine na karte kumi mufukoni, anatoa yake kwanza. Mwenye kazi anangoja pembeni kama mutu wa kuomba. Tuliondoa kontabli mwizi kwa mulango, tukamurudisha kwa dirisha, na mara hii hakuna muwaziri anayemuona.

Tunaomba nini? Mambo ya kufanyika, hayahitaji sheria kubwa. Siku ya kulipa itangazwe kwa redio, walimu siku yao, wauguzi siku yao, wazee wa pansio mbele ya wote. Ajenti wa banki apande gari na mashine yake ndogo, afike Kambove, Kipushi, Luena, siku inayojulikana, na Leta ilipe ile safari, sababu mushahara ni deni yake na deni inapelekwa kwa mwenyewe. Mugonjwa na muzee wapewe ruhusa ya kuandikisha mutu wa pili, bibi ao mutoto. Na kushika karte ya mutu mwengine kama rehani, polisi ihesabu ni wizi.

Yule baba wa Kambove alipata karte mupya baada ya majuma tatu. Kwa muda ule alikopa ya kula. Karte mupya iko kwa mukopeshaji, na deni iko bado ya miezi miwili.