Kuinua Mkia wa Pikapu si Kuongeza Nguvu

Apitaye wakati wa likizo katika njia ya Kabale kwenda Kisoro ataona pikapu nyingi zilizoinuliwa nyuma. Zikiwa tupu husimama kama panzi atakaye kuruka, pua chini na mkia juu. Nyingi hazikuinuliwa gereji. Ziliinuliwa nyumbani siku ya Jumamosi, kwa jeki moja na spana za kuazima, na kijana wa sekondari ndiye aliyeshika tochi. Nataka kutoa maoni yangu juu ya kazi hiyo, maana pikapu hizo ndizo zinazotuleta shuleni siku ya kufungua, tukiwa tumeketi na magodoro yetu juu ya magunia ya viazi.

Sisemi kwamba kazi hii isifanywe nyumbani. Ufundi hauko katika kuta za gereji. Uko katika akili na mikono ya mtu. Ninachokataa ni imani moja iliyoenea sana, kwamba gari likiinuliwa nyuma limepata nguvu ya kubeba zaidi. Halikupata. Ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile, breki ni zile zile, na chesisi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba gari sasa halionekani limelemewa. Punda aliyefungwa ubao mgongoni ili asipinde hajawa farasi.

Tuanze na swali ambalo watu hulisahau: kwa nini gari limeshuka nyuma? Sababu zaweza kuwa tatu. Ya kwanza ni mzigo kupita kiasi. Pikapu ya tani moja ikipakiwa magunia 10 ya kilo 100, imekwisha kujaa. Wakipanda watu wanane wenye wastani wa kilo 60, tumeongeza kilo 480, yaani karibu nusu tani, na dereva hatujamhesabu.

Sababu ya pili ni mahali mzigo ulipowekwa. Hapa somo letu la fizikia lina kazi. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni mita 3. Ukiweka kilo 300 nyuma ya ekseli ya nyuma kwa mita 1, ekseli hiyo haibebi kilo 300 tu, bali 400, kwa maana kilo 100 zimeondolewa katika magurudumu ya mbele. Ndiyo sababu usukani huwa mwepesi kama wa baiskeli, na dereva husema gari “linaelea”. Dawa yake haihitaji spana. Sogeza magunia mbele.

Sababu ya tatu ni springi zilizochoka. Springi za nyuma za pikapu nyingi ni bapa ndefu za chuma zilizolaliana, zilizopinda kama upinde. Zikifanya kazi miaka mingi hunyooka, na gari hushuka hata likiwa tupu. Hapo dawa ni springi mpya, au zilizokunjwa upya na fundi ajuaye kuzikunja na kuzikaza kwa moto. Hiyo ndiyo sababu ya pekee katika tatu hizi ambayo yadai kazi ya jeki.

Lakini wengi hawaulizi. Hutia kipande cha chuma, na wengine hata kipande cha mti, kati ya springi na ekseli. Mti hupasuka na kulegea, usitumike kabisa. Hata chuma chafaa pale tu springi inapokaa juu ya ekseli. Katika magari ambayo springi hupita chini ya ekseli, kipande hicho kitalishusha gari badala ya kulipandisha! Wengine hurefusha vile vishikio vinavyoning’iniza mwisho wa springi. Wakivirefusha kwa sentimita 6, gari hupanda kama sentimita 3 tu, tena ekseli huzunguka kidogo, viungo vya propela hukaa upande, na gari huanza kutetemeka.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika Toyota Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990, na katika pikapu nyingine za namna hiyo, kuna vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi, karibu na ekseli ya nyuma. Ufito mwembamba huiunganisha na ekseli. Gari likipakiwa, chesisi hushuka na kuikaribia ekseli, ufito huisukuma vali, nayo hupeleka nguvu zaidi katika breki za nyuma. Gari likiwa tupu, chesisi hupanda, na vali hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Ni kifaa chenye busara, lakini hakina macho. Hakioni magunia. Kinachojua ni umbali tu kati ya chesisi na ekseli.

Basi mwenye gari akiinua nyuma na kuuacha ufito kama ulivyo, vali hudhani gari ni tupu siku zote. Atapakia tani moja na nusu, atashuka mlima wenye kona, atakanyaga breki, na magurudumu ya nyuma, yaliyobeba sehemu kubwa ya uzito wote, yatapewa nguvu ndogo ya kusimamisha. Breki za mbele zitafanya kazi ya wote mpaka ziwake moto. Huyu ameongeza mzigo na kupunguza breki siku moja, kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna kilichomwonya, kwa sababu gari limesimama vizuri machoni.

Mjomba wangu ana gari la namna hiyo. Likizo iliyopita aliniita nimsaidie kuliinua kwa vipande vya chuma. Nilimwomba ruhusa nipime kwanza. Akaniambia, “Mwanangu, mimi nilikuwa naendesha kabla hujazaliwa.” Nikamjibu, “Ni kweli, mjomba, na ndiyo sababu naomba unitazamie kama nimepima sawa.” Tulipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, gari likiwa tupu. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kuliko wa kulia kwa sentimita 4. Mjomba alinyamaza, akapima tena mwenyewe. Vipande vya chuma vilirudi ghalani, naye akanunua springi.

Kazi yenyewe tuliifanya nyumbani, kwa utaratibu. Tuliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa kuwa breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na hayo yakiwa hewani haizuii kitu. Chesisi tuliiegemeza juu ya stendi za chuma, wala hakuna aliyeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Boliti zilizopinda kama herufi U tulinunua mpya, na baada ya siku chache za safari tukazikaza tena. Tukatazama mipira ya breki isivutike, na shokapu zisifike mwisho wa urefu wake. Kisha tukapeleka gari kwa fundi mwenye kipimo cha shinikizo, arekebishe ule ufito.

Springi basi tulibadili. Watu juu ya magunia bado anawabeba, nami bado namwambia. Yeye husema, “Nikiwaacha njiani watafikaje?” Swali hilo si la kudharau, magari ni machache na nauli ni ghali. Lakini jibu lake haliwezi kuwa kipande cha chuma chini ya springi.

Ndugu wanafunzi, wako kati yetu wanaoona haya kushika grisi kwa sababu wamesoma, na wako mafundi wanaocheka hesabu kwa sababu wamezoea. Katika jambo hili wote wawili hupungukiwa. Sisi tuliokwisha kujifunza habari za mizani na nguzo tusikubali kuwa washika tochi tu. Twaweza kusema kwa adabu, “Baba, tupime kwanza.” Mkubwa hatukanwi kwa futi kamba.

Nanyi ndugu mliotutangulia, mnaolisoma gazeti hili mkiwa na kazi na magari yenu, nina ombi. Siku ya wageni muhula ujao, Chama cha Sayansi kiruhusiwe kukaa langoni na futi kamba na daftari. Kila pikapu itakayokubali ipimwe urefu wa nyuma, ufito wa vali utazamwe, na mwenyewe apewe karatasi ya vipimo vyake. Hatutamkataza mtu kuingia wala hatutamwaibisha. Ila akitaka kuinua gari lake tena, ajue kwanza lina mzigo gani, springi gani, na breki gani, na akumbuke ni watoto wa nani anaowapakia juu.