Nyuma ya Pazia Kuna Wafanyakazi

Kwenye Lango la Machame, mzigo wa mpagazi hupandishwa kwenye mizani kabla mwenye nao hajaanza kuupanda Mlima Kilimanjaro. Kipimo cha mzigo wa msafara ni kilo 20, kinachozidi hupunguzwa. Hapo hapaulizwi kama mwenye msafara ni mtu mwema au mkatili, kwa sababu mizani haina habari na tabia za watu. Kanuni hiyo haikushuka na mawingu ya mlimani. Ilitanguliwa na miaka mingi ya manung'uniko ya vijana waliobebeshwa kupita kiasi, waliolala kwenye baridi kali bila nguo za kutosha, na walioteremka wakiwa na ujira ambao ukishanunua unga na sabuni umekwisha. Wapagazi walipojikusanya katika vyama na kusema kwa sauti moja, ndipo mizigo yao ilipoanza kupimwa kwa dhati.

Katika sanaa za maonyesho yuko mpagazi mwingine, ambaye mzigo wake bado haujawekwa kwenye mizani yoyote. Huyo ni msimamizi wa jukwaa.

Wapenzi wengi wa michezo ya kuigiza hawamjui, na kwa kweli akiifanya kazi yake vizuri hawatamjua kamwe. Yeye ndiye mwenye daftari la jukwaa, ambamo huandikwa kila mwigizaji anaingia wapi na lini, taa gani iwake, ngoma ipigwe kwenye neno gani, kiti kiondolewe na nani. Ndiye anayehesabu maleba na vifaa kabla ya onyesho na kuvihesabu tena baada yake. Ndiye anayewaita waigizaji mazoezini, akaandika aliyefika na aliyechelewa. Siku ya onyesho la kwanza ikishapita, mwongozaji aweza kwenda zake nyumbani. Tangu hapo mchezo uko mikononi mwa msimamizi wa jukwaa, naye ana wajibu wa kuhakikisha kwamba watazamaji wa siku ya ishirini wanapata mchezo ule ule waliouona watazamaji wa siku ya kwanza. Hufika kabla ya wote na huondoka baada ya kufunga milango.

Hapa nchini kazi hiyo hupewa mtu yeyote aliye karibu. Katika shule ya sekondari hupewa mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu huyo huchagua tamthiliya, huwafundisha wanafunzi maneno, huazima khanga na shuka kwa majirani, hutafuta taa, hupanga viti vya wageni, na mgeni rasmi akichelewa kwa saa mbili, ndiye anayewatuliza watoto mia tano waliokaa juani. Kisha siku ya pili saa 1 na nusu asubuhi anatakiwa awe darasani na maandalio ya somo. Mwalimu Mkuu humpongeza mbele ya wazazi, na jambo likaishia hapo.

Yafaa kulitazama jambo hili kwa macho ya Machame yenyewe. Vijiji vya huko viko mteremkoni, nyumba zimejificha ndani ya vihamba vya migomba na kahawa, na njia nyingi za kufika nyumbani ni vijia vinavyoteremka makorongoni na kupanda tena. Wakati wa masika vijia hivyo huwa utelezi mtupu. Mazoezi yaliyopangwa kwisha saa 11 jioni yakiendelezwa hadi saa 1 usiku, ati kwa kuwa mwongozaji hajaridhika na onyesho la tatu, msichana wa kidato cha pili atatembea peke yake gizani kupita katikati ya migomba. Mwongozaji atakuwa amepata onyesho zuri zaidi. Mzazi atakuwa amekaa mlangoni na taa mkononi. Palipo na msimamizi wa jukwaa mwenye saa na mwenye madaraka ya kusema "basi, yametosha", hatari hiyo haipo.

Hali ni hiyo hiyo mwezi Desemba, wenyeji wanaofanya kazi mijini wanaporejea uchagani kwa sikukuu, na vijana wa sharika wanapofanya mazoezi ya igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Hao ni watu wa kujitolea na hapana anayewadai mshahara. Lakini hata anayejitolea ana miguu inayochoka na ana nyumbani anakongojewa. Wazee wa Machame walilielewa hilo zamani sana katika mambo ya maji. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia vihamba, ulikuwa na watu wake, zamu zake na siku zake za kusafishwa. Aliyekosa kutokea kazini alitozwa faini, na aliyekuwa na zamu alijua maji yake ni ya kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Haikudhaniwa kwamba kwa kuwa watu ni ndugu basi hakuna haja ya utaratibu. Kinyume chake, utaratibu uliwekwa ili undugu usivunjike.

Huenda wasomaji vijana wakashangaa kuambiwa kwamba ulikuwako wakati ambapo msanii wa Tanzania alikuwa mfanyakazi kamili. Mwaka 1964, vyama vya wafanyakazi vilipounganishwa kuwa NUTA, chama hicho kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa, na vyombo walivyopiga vilikuwa mali ya chama. Jumuiya ya Wafanyakazi ilipoundwa mwaka 1978 bendi ikawa JUWATA Jazz, na mwaka 1991 ikawa OTTU Jazz. Leo wananchi huijua kwa jina la Msondo Ngoma. Serikali nayo ilikuwa na vikundi vyake vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, ambavyo urithi wake uliingia katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipofunguliwa mwaka 1981. Mashirika ya umma na majeshi yalikuwa na vikundi pia. Si kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Mishahara ilikuwa midogo, na wapo wasanii waliolalamika kwamba walifanywa mapambo ya kupokelea wageni kiwanja cha ndege. Lakini mpiga ngoma aliyevunjika mguu kazini alijua ofisi ya kwenda.

Mashirika mengi yalipobinafsishwa au kufungwa, vikundi vingi vilibaki mikononi mwa watu binafsi, na makubaliano ya kazi yakawa ya mdomo. Kikundi hukodishwa kwenda mkoani, waigizaji na wabeba vyombo hupakiwa kwenye basi moja, na nauli ya kurudi hutegemea mapato ya mlangoni. Watu wasipokuja, ama mvua ikinyesha, kikundi hukwama katika nyumba ya wageni, simu za mwenye kikundi zikawa hazipokelewi. Unyonyaji haugeuki kuwa halali kwa sababu umefanyika nyuma ya pazia lililoshonwa vizuri.

Nchi nyingine zilikwisha kupitia njia hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 waigizaji wa Marekani walifanyishwa mazoezi kwa wiki nyingi bila malipo, na makundi ya safari yaliachwa miji ya mbali matajiri wao walipoishiwa fedha. Mwaka 1913 waliunda chama chao, Actors' Equity, na mwaka 1919 waligoma kuanzia Agosti hadi Septemba, majumba ya maonyesho ya New York yakafungwa, mpaka matajiri wakakubali mkataba. Chama hicho huwapokea wasimamizi wa jukwaa pamoja na waigizaji. Kanuni zake zinatazama mambo madogo madogo, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Mwenye kampuni sharti aweke dhamana ya fedha kabla ya kazi kuanza, ili akishindwa, watu walipwe na wasafirishwe kurudi kwao. Mazoezini, dakika 55 zikipita ni lazima pumziko la dakika 5, au dakika 80 zikipita, pumziko la dakika 10. Nusu saa kabla ya pazia kufunguliwa kila mwigizaji awe amekwisha kufika. Anayeshika saa na kuandika yote hayo ni msimamizi wa jukwaa.

Ipo kanuni moja zaidi ambayo walimu wataielewa upesi. Kila kundi huchagua mjumbe wake wa chama kwa kura ya siri, na msimamizi wa jukwaa haruhusiwi kuchaguliwa kuwa mjumbe huyo. Sababu yake ni kwamba msimamizi, ingawa ni mwanachama, hutoa amri kwa niaba ya uongozi. Hawezi kupeleka amri asubuhi na jioni akapokea malalamiko dhidi ya amri hiyo hiyo. Katika shule nyingi ambako Mwalimu Mkuu na mwakilishi wa chama cha walimu walijikuta ni mtu mmoja, au ni marafiki wa meza moja, matokeo yake yanafahamika.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya New York, na kwamba Tanzania haina sheria za namna hiyo. Watakuwa hawajaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo imeweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, nazo zisipite 50 katika wiki nne. Mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya saa nzima, na kati ya siku moja ya kazi na nyingine apate saa 12 za kupumzika. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Maonyesho mengi huanza saa hiyo hiyo ya 2 usiku. Ni vikundi vingapi vimewahi kuipiga hesabu hiyo?

Jibu la wenye vikundi ni kwamba msanii si mwajiriwa bali ni mtu wa kazi maalumu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huo huo, imekwisha kuliziba tundu hilo. Mtu ambaye saa zake na namna yake ya kufanya kazi vinaamuliwa na mwingine, au anayepewa vifaa na huyo mwingine, au anayemtegemea kwa riziki yake, huhesabiwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Ni vigumu kumpata mtu anayefaa maelezo hayo kuliko kijana anayepanga maleba na kuvuta pazia.

Kinachokosekana basi ni chombo cha kuisimamia sheria. Msanii hujiandikisha Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na mashirikisho ya wasanii yapo. Kazi yao ni njema. Lakini shirikisho ambamo mwenye kikundi na mbeba vyombo wake wamo pamoja haliwezi kukaa mezani kumdai mwenye kikundi. Chama cha wafanyakazi kwa maana ya sheria ni kitu kingine, na sharti lake la kuanzia si zito: kiundwe katika mkutano wa waajiriwa wasiopungua 20. Vikundi viwili vya ngoma vikikutana, idadi hiyo imetimia.

Husemwa pia kwamba sanaa ni wito, na kwamba kanuni huua moyo wa kazi. Hoja hii husemwa zaidi na watu wanaolipwa. Ilikuwaje basi Kamirithu, nchini Kenya, mwaka 1977? Wakulima na vibarua wa kijiji hicho walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao ili kucheza tamthiliya ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Hawakuwa na mshahara wala chama. Hata hivyo mazoezi yao yalipangwa zaidi Jumamosi na Jumapili alasiri, kufuata mwendo wa kazi za kijiji, na yalifanyika hadharani, kila mtu akiona. Onyesho lilianza Oktoba; tarehe 16 Novemba serikali ya huko ililipiga marufuku, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Utaratibu wa kuheshimu saa za mtu haukuupunguza moto wa mchezo ule hata chembe. Waliouogopa hawakuuogopa kwa sababu ulikuwa umepoa.

Liko na suala la usalama, ambalo halina mjadala. Mwaka 2002 ukumbi mkubwa wa maonyesho wa Bagamoyo uliteketea kwa moto. Kumbi za shule za Kilimanjaro, nyingi zikiwa ni bwalo la chakula siku za kawaida, huwekewa jukwaa la meza zilizounganishwa na nyaya za umeme zilizofungwa kwa gundi ya karatasi. Mlango wa pili aghalabu umezibwa na mabenchi. Ikitokea cheche, nani anajua ufunguo uko kwa nani? Palipo na msimamizi wa jukwaa swali hilo limekwisha kujibiwa tangu mchana, kwa maandishi.

Maafisa Utamaduni wa wilaya wanaweza kuanza bila kungoja waraka kutoka juu. Kikundi kinachoomba kibali cha onyesho kiulizwe mambo matatu: jina la msimamizi wa jukwaa, ratiba ya mazoezi yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na ushahidi kwamba nauli ya kurudi imetengwa kabla ya safari. Wakuu wa shule nao wampunguzie vipindi mwalimu anayesimamia mchezo kwa wiki zile za mazoezi, na wamteue mwanafunzi mmoja au wawili wajifunze kushika daftari la jukwaa, wapewe cheti kama anavyopewa mchezaji bora. Daftari lenyewe ni la kurasa mia mbili, la kawaida, linauzwa katika kila duka kuanzia Kwa Sadala hadi juu.