UCHAMBUZI: Msafiri akishuka basi, hana pa kukanyaga

MSAFIRI anayeelekea Mombasa kutoka Nairobi hulalama basi likikawia njiani, na si mara moja abiria wamesikika wakimhimiza dereva akanyage mafuta. Abiria huyo huyo akiteremka Emali, Makindu au Mtito Andei ili anunue maji ama ajisaidie, hugeuka papo hapo kuwa mwenda kwa miguu. Kuanzia dakika hiyo, mwendo wa kasi aliokuwa akiusifia unakuwa tishio kwa uhai wake.

Wakazi wa Makueni na Kitui wanaijua vyema hali hiyo kwa sababu wao huishi nayo kila uchao. Kaunti hizi mbili zimepata barabara za lami, lakini hazijapata mahali pa mtu kutembea. Ukingo wa barabara, ambao ndio kimbilio la pekee la wapita njia, umegeuzwa kuwa njia ya kupitania magari, kituo cha matatu, maegesho ya malori na uwanja wa bodaboda. Lawama zote huelekezwa kwa madereva watundu, na ni kweli wapo. Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi ni kwamba ukingo huo hauna mwenyewe. Hakuna afisa yeyote anayeweza kuulizwa ni kwa nini mtu amegongwa mahali ambapo gari halikupaswa kuwa.

Chanzo chake kinaeleweka. Reli kutoka Mombasa ilipopita nchi ya Ukambani mwishoni mwa karne ya 19, vituo vyake vilizaa miji, na barabara kuu ikafuata mkondo huo huo. Maduka yakajengwa yakiielekea barabara, nayo biashara ikasogea hadi ukingoni kwa kuwa mteja mkuu ni msafiri. Leo, katika zaidi ya kilomita 100 kati ya Salama na Mtito Andei, malori yanayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa hadi Uganda na nchi nyingine za bara hupita katikati ya watu wanaouza maembe, machungwa na mahindi ya kuchoma.

Upande wa Kitui, mji wa Mwingi umepasuliwa katikati na barabara kuu ya Thika-Garissa. Kusini mwa kaunti hiyo, barabara ya Kibwezi-Mutomo-Kitui ilikuwa ya vumbi na mashimo kwa miaka mingi. Mashimo hayo yalikuwa adha, lakini yalimlazimu dereva kwenda polepole. Lami ilipofika Ikutha na Mutomo, safari zikawa fupi, mazao yakafika sokoni mapema na wagonjwa wakafikishwa hospitalini upesi. Wakati huo huo, kizuizi cha pekee kilichokuwa kikipunguza mwendo wa magari kiliondoka, na mtoto aliyezoea kuvuka akielekea shuleni akajipata mbele ya gari asiloweza kukadiria kasi yake.

Fauka ya hayo, kuna bodaboda. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa ziada wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, maelfu ya vijana wamepata riziki kwa kazi hiyo, na vijiji visivyofikiwa na matatu vimepata usafiri. Lakini miji haikuwatengea mahali pa kusimama. Wanaposongamana mbele ya maduka na kupenya katikati ya wachuuzi ili kukwepa foleni, wanafanya hivyo katika nafasi ya wapita njia, ambayo tayari imenyakuliwa na wengine.

Je, sheria imenyamaza? La hasha. Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka wa 2012, yaliyowasilishwa bungeni na aliyekuwa mbunge wa Gem, Jakoyo Midiwo, yalifanya kuendesha gari kwenye njia ya wapita njia kuwa kosa mahususi. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh30,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi mitatu, au adhabu zote mbili. Kanuni za makosa madogo zilizochapishwa mwaka wa 2016 zikataja faini ya Sh5,000 kwa kosa hilo.

Ni wazi kwamba hatuna uhaba wa sheria. Uhaba ni wa wa kuitekeleza mahali panapohusika, na pia wa fikira inayomjali aliye nje ya gari. Kumbuka kanuni za marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika magari ya uchukuzi wa umma, na Wakenya wengi wangali wanazisifia. Lakini shabaha yake kuu ilikuwa abiria. Kidhibiti mwendo kiliwekwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Basi linalopita katikati ya soko la Emali kwa mwendo huo limetii kidhibiti chake, na papo hapo limevunja sheria ya mji kwa kilomita 30.

Tofauti hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa hatari ya kufa kwa mtu anayegongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Ndiyo sababu mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, Februari 2020 ulipendekeza kikomo cha kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Nchini Kenya, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifariki barabarani kila mwaka tangu 2021, na zaidi ya thuluthi moja yao ni waendao kwa miguu.

Kuna wanaodai kuwa dereva wa Kenya hawezi kubadilika. Dai hilo hupingwa na safari moja tu. Dereva anayetoka Emali kupitia Loitokitok na kuvuka mpaka wa Tanzania hupunguza mwendo mara anapoona kibao cha 50 mwanzoni mwa kijiji, na haongezi hadi akione kibao cha kumaliza kikomo. Hajabadilika tabia wala hajahubiriwa. Anajua tu kwamba askari mwenye kipima mwendo huenda amesimama chini ya mti ulio mbele, na kwamba atatozwa faini. Akirejea upande wetu, huirudia kasi yake ya zamani, kwa kuwa huku anajua atasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi ambacho kila dereva anakifahamu kilipo, wala si katikati ya soko.

Hapa ndipo mgawanyo wa mamlaka unapomwumiza raia. Barabara kuu na hifadhi yake ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA). Soko, taa za barabarani na maegesho ni majukumu ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Leseni za madereva na magari ya umma hutolewa na NTSA. Polisi wa trafiki wako chini ya Inspekta Jenerali. Kila mmoja ana sehemu yake, na kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake kidole. Mchuuzi hulipa ada kwa kaunti ili auze bidhaa zake, kisha huambiwa na mamlaka ya barabara kwamba amevamia hifadhi.

Tuliona matokeo ya hali hiyo Juni 30, 2023, lori lilipoacha njia katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, na kuua watu 52, wengi wao wakiwa wachuuzi na watu waliosubiri magari. Serikali iliagiza wachuuzi wahamishwe kutoka kando ya barabara kuu. Agizo hilo lina mantiki, kwa maana ni kweli wafanyabiashara hujisogeza mno na wapita njia huvuka popote wapendapo. Lakini soko humfuata mteja. Iwapo basi litaendelea kusimama pale pale, muuza maembe atarudi pale pale, hata akifukuzwa mara kumi.

Kinachohitajika katika miji ya Makueni na Kitui si mradi wa mabilioni. Kwanza, vituo vya mabasi na vibanda vya bodaboda vitengwe nje ya barabara, na soko lijengwe karibu navyo. Pili, njia ya miguu iinuliwe na kuwekewa vizuizi ambavyo gari haliwezi kuvipanda, badala ya kuchorwa mstari wa rangi. Tatu, kikomo cha kilomita 50 kisimamiwe mwanzoni na mwishoni mwa kila mji. Zaidi ya yote, kaunti na KeNHA zitie saini mkataba unaotaja afisa mmoja kwa kila mji atakayewajibikia ukingo wa barabara, na jina lake lijulikane na umma.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Pengine ushauri huo ulifaa vitani. Katika soko la Mwingi au la Makindu, anayepaswa kupisha ni yule mwenye usukani, na abiria walio nyuma yake wana haki ya kumkumbusha hivyo kabla hawajafika kituo cha kuteremka.