Kengele ya moshi Mikelenge: itundikwe, lakini si kama ya Ulaya

MIKELENGE, KINDU – Jioni hii, ingia katika parsele yoyote ya Mikelenge iliyopokea wahami wa vita. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wao leo inalaza familia mbili au tatu, wengine kwenye mikeka sebuleni, wengine katika pembe iliyotengwa kwa bashi. Mvua ikianza, mbabula inaingizwa ndani. Nyuma ya mlango kuna bidoni ya esanse ya kijana motari. Mezani simu tano zinachajiwa kwa nyaya zilizofungamana, kutoka kwenye betri moja ya paneli ya jua. Mlango umetiwa kufuli kwa sababu ya wezi. Kisha wote wanalala.

Ni katika nyumba hiyo ndipo habari ya kengele ya moshi inapaswa kuzungumzwa.

Kengele yenyewe ni kisanduku kidogo cha plastiki kinachotundikwa juu. Moshi ukikiingia, kinapiga kelele kali. Faida yake ni moja tu, lakini ni kubwa: mtu aliyelala hasikii harufu ya moshi. Wengi wanaokufa usiku hawachomwi kwanza na ndimi za moto. Moshi huwalevya usingizini, na moto huwakuta hawana nguvu ya kusimama. Nchini Marekani, karibu vifo vitatu kati ya vitano vya moto wa nyumbani hutokea katika nyumba zisizo na kengele, au zenye kengele isiyofanya kazi.

Wapo watakaosema hicho ni kitu cha wazungu, na kwamba mtu anayetafuta pesa ya mchele na sombe hawezi kufikiria kengele. Neno lao lina uzito. Lakini waangalie vizuri ni nani moto unamkuta. Mhami aliyetoka Kivu na mfuko mmoja tu mkononi, ukiungua mfuko huo, ameungua na kadi yake ya mchaguzi, yaani kitambulisho chake, na jetoni ya kupokelea chakula. Mwenye nyumba aliyempokea anapoteza mabati aliyoyanunua moja moja kwa miaka. Kwa hawa wawili moto hauna bima.

Tatizo la kweli liko kwingine. Maelezo yanayokuja na kengele hizi yameandikwa kwa nyumba yenye jiko mbali, plafo nyeupe na madirisha ya kioo. Yakifuatwa hivyo hivyo Mikelenge, kengele haitamaliza wiki. Mama atawasha makala, kengele italia. Atakaanga samaki, italia. Siku ya tatu, mtu atapanda kiti na kutoa mawe yake ayatie kwenye redio. Nani atamlaumu? Redio inaleta habari za nyumbani alikokimbia. Kengele inaleta makelele tu.

Jambo hili limeshaonekana kwingine. Huko Afrika Kusini, baada ya moto mkubwa wa Januari 2013 katika vibanda vya Khayelitsha, Cape Town, watu walianza kutengeneza kifaa kisichojali moshi kabisa. Kinapima jinsi joto linavyopanda kwa ghafla. Mbabula hupasha chumba polepole. Nyumba inayoungua hupandisha joto kwa kasi. Tena vifaa hivyo vinaongea kwa mawimbi ya redio: kimoja kikilia, vya majirani navyo vinalia. Kifaa hicho kinaitwa Lumkani, na kilijaribiwa pia Mukuru, Nairobi, kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Nyumba za Mukuru zimebanana kuliko za Mikelenge, ila maisha ndani yake yanafanana: jiko, kitanda na mafuta ya taa katika chumba kimoja.

Kwa hiyo mashirika yanayogawa bashi, sufuria na sabuni kwa wahami yangefanya vyema kuweka kifaa cha joto katika mzigo huo, angalau kwa nyumba zinazolaza familia zaidi ya moja. Kugawa mbabula na makala bila neno lolote juu ya moto ni kazi nusu. Na wakuu wa avenyu, wanaojua kila parsele imepokea watu wangapi, wasingoje kuulizwa. Orodha ya nyumba zilizojaa wanayo tayari.

Aliyekwisha kupata kengele ya moshi, asiitupe. Aitundike chumba cha kulala au njia ya kuelekea vyumbani, mbali na mbabula, mita tatu au zaidi kama nafasi ipo. Nyumba isiyo na plafo, asiipachike kwenye bati lenyewe: mchana joto hukusanyika chini ya bati na kuzuia moshi kupanda hadi juu. Aifunge kwenye mti wa paa, chini kidogo. Na isiwe mbali na kitanda, kwa sababu mvua ya Maniema ikipiga bati, hata kelele ya kengele inaweza kumezwa.

Mara moja kwa mwezi, kidole kwenye kitufe cha majaribio. Ikilia vizuri, basi. Ikitoa mlio mfupi unaorudi kila baada ya muda, inaomba mawe mapya, haijaharibika. Vumbi na utando wa buibui vifutwe kwa kitambaa kikavu. Anayenunua ya mtumba sokoni aigeuze kwanza asome mwaka ilipotengenezwa, maana ikipita miaka 10 haifai kuaminiwa. Iliyo bora ni ile yenye betri iliyofungiwa ndani, isiyotolewa. Hiyo redio haiwezi kuila.

Watoto waisikie mchana, wakicheka. Mtoto aliyekimbia risasi akiamshwa usiku na mlio asioujua ataingia chini ya kitanda, na chini ya kitanda ndipo mahali pabaya kuliko pote moshi unapojaa chumba.

Kuna kitu kimoja kengele ya moshi haiwezi kukifanya, na hapa watu wanadanganyika. Makala yaliyoshika vizuri hayana moshi, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Katika chumba kilichofungwa inaua watu kimyakimya, na kengele itabaki juu imenyamaza. Mbabula itoke nje kabla ya kulala, hata kama mvua inanyesha, hata kama kuna mtoto mwenye baridi.

Esanse nayo haina nafasi ndani ya nyumba ya kulala. Wakaaji wa Sange, Kivu Kusini, wanajua: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale na kuwaka, watu zaidi ya 230 wakafa. Bidoni moja si lori, ni kweli. Lakini mvuke wake unatambaa chini na kulifuata jiko. Na ikishika, maji yanaisambaza; inayotakiwa ni ndoo ya mchanga karibu na mlango, na mchanga Lualaba inautoa bure.

Wakati vifaa vya joto havijafika, filimbi moja kwa kila parsele inaweza kufanya nusu ya kazi: anayeona moto anapiga, jirani anaitikia, hadi mwisho wa avenyu. Huwa ni jirani anayefika kwanza.

Halafu kuna ile kufuli. Usiku ufunguo unakaa mfukoni mwa baba, au chini ya mto wa mama, au hakuna anayekumbuka. Madirisha yana vyuma. Msumari mmoja kando ya mlango, kwa urefu ambao hata mtoto wa miaka minane anaufikia, na ufunguo utundikwe hapo kila usiku, kwa wenyeji na kwa wageni.