Picha za theluji zisitudanganye: watoto wa Naviundu nao wanahitaji siku moja ya matembezi



Kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, picha zilezile zinaingia kwenye WhatsApp zetu. Ndugu walioko Ubelgiji wamepeleka watoto kwenye theluji. Mtoto wa miaka 3 amevaa koti nene kama mfuko wa makala, amekaa kwenye kigari cha kuteleza, anacheka. Hapa kwetu picha hizo zinaleta maneno ya aina mbili. Wa kwanza anasema: “Kule Bulaya ndiko watoto wanalelewa, sisi huku tunateseka tu.” Wa pili anajibu: “Matembezi ni mambo ya wazungu. Mtoto wa mkimbizi anahitaji bukari.” Mimi nasema wote wawili wanakosea, na huyo wa pili anakosea zaidi.

Tuanze na hiyo theluji. Anayekaa Liège, mji ulio pacha wa Lubumbashi, anaweza kufika Hautes Fagnes kwa gari kwa muda wa saa moja hivi. Ndiko kuna Botrange, mahali pa juu kuliko pote Ubelgiji. Usifikiri ni mlima wa kutisha: ni mita 694 tu, na sisi hapa Lubumbashi tunakaa kwenye mita karibu 1,200. Theluji haiko kila siku. Ikianguka, watu wanaondoka kwa wingi na barabara zinajaa, kwa hiyo mzazi anaamka mapema. Anabeba soksi za kubadilisha, glavu na chai ya moto. Anajua kwamba mtoto mdogo anapoteza joto haraka kuliko mtu mkubwa, na kwamba yule aliyekaa tu kwenye kigari anashikwa na baridi upesi kuliko yule anayekimbia. Soksi zikilowa, wanarudi nyumbani, hata kama papa bado anataka picha.

Ndiyo, wana gari na barabara nzuri, sikatai. Lakini theluji yenyewe haiuzwi. Furaha ya mtoto inatoka hapa: wazazi wameacha kazi zote siku moja kwa ajili yake, na wamejitayarisha. Hayo mawili hata sisi tunayaweza.

Tena tusiseme kwamba theluji ni ya Bulaya peke yake. Congo ina theluji yake juu ya Ruwenzori. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko kwenye mpaka wetu na Uganda, na upande wetu wa mlima uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Lakini hakuna mzazi anayeweza kupeleka mtoto mdogo kule kwa siku moja. Kutoka Mutwanga, kupanda na kushuka kunamaliza karibu wiki nzima, na kule juu hewa ni nyepesi mno. Zaidi ya hayo, tangu 2014 watu wanauawa katika eneo la Beni. Wenzetu waliotoka pande zile wanajua kuliko mimi.

Na barafu yenyewe inakwisha. Mwaka 1906 barafu za Ruwenzori zilifunika karibu kilomita za mraba 7.5. Mwaka 2005 zilibaki karibu 1.5. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Afrika zilizo katika urithi wa dunia huenda zikatoweka kufikia 2050. Mtoto wetu wa miaka 4 hatakuwa hata amefika miaka 30. Atabaki na theluji ya kitabu cha shule.

Sasa nirudi kwa yule wa bukari. Bukari kwanza, nakubali. Mtoto mwenye njaa hachezi. Lakini nani alisema ukishampa mtoto bukari umemaliza? Huyu mtoto amelala porini, amesikia risasi, ameacha rafiki zake bila kuwaaga. Tangu afike hapa anajua njia mbili tu: ya kuchota maji na ya sokoni. Kuna watoto wamekaa Naviundu miaka, na hawajaona katikati ya mji. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, katika kifungu cha 31 unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema mtoto wa tajiri.

Kwa hiyo naomba, tena kwa sauti. Zoo iko hapa hapa mjini. Wakubwa wa mji wafungue mlango bila malipo siku moja ya vakansi kwa watoto wa familia zilizokimbia, pamoja na watoto wa mitaa inayowapokea, ili wasitengwe. Makampuni ya madini, ambayo malori yao yanatuachia vumbi mwaka mzima, yatoe basi Jumamosi moja. Makanisa yana vijana wa kuongoza watoto. Shule zina walimu wanaojua kuhesabu watoto wakati wa kutoka na wakati wa kurudi.

Nasi wazazi tufanye yetu. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi kwetu kipimo kinaweza kushuka chini ya digrii 10, kwa hiyo mtoto avae pulova na soksi, hata kama mchana kutakuwa na jua. Tubebe munkoyo, karanga na viazi vitamu vya kuchemsha. Tuweke kikaratasi chenye simu ya mzazi mfukoni mwa kila mtoto. Na tusiwapeleke kuoga kwenye mito inayopokea maji ya viwanda, eti kwa sababu ni karibu na ni bure.

Na ninyi yaya zetu mlioko Bulaya, endeleeni kutuma picha, zinatufurahisha. Ila mwaka huu, pamoja na picha, tumeni nauli ya basi moja. Watoto wa kulijaza wapo.