Mwanachuoni na Fundi Waketi Jamvi Moja

Aghalabu mtu aingiapo katika nyumba ya makumbusho, neno la kwanza kukutana nalo ni "Usiguse". Neno hilo lina haki yake, kwani kombe la kale likivunjika halirudi. Lakini si elimu yote ya makumbusho inayokaa ndani ya kioo. Iko elimu isiyoingia ila kwa mkono, na vyombo vya kuifundishia vyataka kuundwa na watu wawili: mtafiti na fundi.

Mwaka 1969, katika mji wa San Francisco huko Marekani, bingwa wa fizikia Frank Oppenheimer alifungua jumba liitwalo Exploratorium. Bwana huyo alikuwa amelazimika kuacha kazi ya chuo kikuu mwaka 1949 kwa mambo ya siasa, akafuga ng'ombe Colorado, kisha akasomesha watoto wa sekondari. Katika jumba lake aliiweka karakana ya mafundi mbele ya macho ya wageni. Chombo kiliundwa, kikatolewa ukumbini kishikwe na watu, na kikiwatatiza, kilirudi mezani kwa fundi.

Baadaye watafiti wa elimu waliketi na mafundi wa jumba hilo, wakawa wanawatazama wageni na kuwasikiliza. Mwaka 2004 wawili kati yao, Sue Allen na Joshua Gutwill, walitaja mitego mitano inayoharibu vyombo vya namna hii. Mmojawapo ni kuweka vishikio vingi vyenye uzito sawa, mgeni asijue aanze na kipi. Mwingine ni watu wawili kushika pamoja, huyu akavuruga kazi ya yule. Mwingine tena ni pambo la pembeni kulifunika jambo lenyewe. Fundi peke yake ni vigumu kuyaona hayo, kwa kuwa chombo chake amekizoea. Mtafiti naye huyaona, lakini kurekebisha kwataka mkono wa fundi.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira Fort Jesus, merikebu ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya ngome hiyo. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu walipiga mbizi wakaichimbua. Mtafiti aweza kutwambia ilibeba nini na ilizama vipi. Lakini nani atamwonyesha mtoto wa Mombasa namna mbao mbili zinavyozuiliwa zisipitishe maji? Ni fundi wa majahazi, ajuaye kukalafati. Mtoto na apewe mbao, pamba na patasi, azibe ufa mwenyewe, kisha amwage maji aone. Mtafiti asimame kando atazame: je, mtoto ameelewa, au amechezea maji tu? Akiona hakuelewa, waketi tena wote wawili.

Wako watakaosema makumbusho si uwanja wa michezo, na pesa hazipo. Nawajibu: kitu cha asili kibaki kiooni, cha kushikwa kiwe kipya, na mbao na pamba si dhahabu. Kinachotushinda ni mazoea. Mara nyingi fundi huitwa mwisho, shauri limekwisha kukatwa. Hupewa mchoro, hulipwa ujira wake, akaenda zake, na jina lake halionekani popote.

Hasara yake ni kubwa kuliko chombo kibovu. Ujuzi wa kuunda majahazi haukuandikwa wote vitabuni. Sehemu kubwa imo mikononi mwa wazee. Mzee akifariki bila mwanagenzi, hakuna kioo kitakachouhifadhi.

Basi wenye kusimamia makumbusho ya pwani wamwite fundi siku ya kwanza, kabla ya mchoro wa kwanza. Walimlipe kama wanavyomlipa mtaalamu, na jina lake liandikwe ukutani pamoja na la mtafiti. Mkono mmoja haulei mwana.